Kumwigiza Mwalimu Godfrey

Habari za kifo cha Mwalimu Godfrey zilimkuta Kristina amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, anamenya magome ya mdalasini. Binti yake Glory alitoka ndani na simu mkononi, akasimama mlangoni, na Kristina akajua. Mwezi mzima alikuwa anaisubiri simu hiyo, na mwezi mzima alikuwa anaiombea ichelewe.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Alfajiri ya leo, mama. Wanazika kesho kutwa. Wanamsubiri mwanawe Ezekiel atoke Dar."

Kristina aliendelea kumenya. Gome likatoka refu bila kukatika, akaliweka juani pamoja na mengine. Kisha akasema, "Mjinga yule. Mwaka mzima alikuwa na nafasi ya kufa, akachagua msimu wa mdalasini." Glory akacheka huku machozi yanamtoka, maana hayo ndiyo maneno ambayo mtani anatakiwa kuyasema.

Pale Kinole, na karibu kote kwenye milima ya Uluguru, mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Watani hutukanana njiani na hawakasirikiani. Siku ya msiba wao ndio wenye kazi. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaolizuia jeneza mlangoni mpaka wapewe jogoo, na mmoja wao huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waombolezaji: alivyotembea, alivyokohoa, alivyoomba chumvi hata kabla ya kuonja mboga. Wageni wakiona hivyo hushika vichwa. Wenyeji hucheka mpaka mbavu ziwaume, na katikati ya kicheko hicho ndipo kilio cha kweli hutoka.

Kristina, mwenye miaka sitini na nne sasa, alikuwa mwigizaji wa ukoo wake kwa miaka thelathini na kitu, na hakuwa na mpinzani. Aliwahi kumwigiza mzee aliyekuwa akigombana na baiskeli yake. Aliwahi kumwigiza mama muuza vitumbua ambaye alimega kipande cha kila kitumbua kabla hajakuuzia, eti ahakikishe kimeiva. Watoto wa yule mama walianguka chini kwa kicheko, kisha hawakuweza kuinuka kwa kulia.

Watu walidhani siri ya kazi hiyo ni ulimi, kwa sababu Kristina alikuwa na ulimi usio na simile. Walikosea. Siri yake ilikuwa macho. Hawezi mtu kuigiza asichokitazama, na ukimwigiza mtu vizuri sana, waliokaa pale huambiana, "Huyu alimtazama kweli." Kwa muuza vitumbua maneno hayo hayana madhara.

Kwa Mwalimu Godfrey yalikuwa na madhara makubwa. Kristina alimpenda mwanamume yule. Tuseme tu, maana yeye mwenyewe hajawahi kulisema neno hilo hata akiwa peke yake shambani. Na alikuwa amemwahidi kumwigiza. Akimwigiza vibaya, atakuwa amevunja ahadi aliyompa mgonjwa kitandani. Akimwigiza vizuri, kijiji kizima, na mjane wake akiwa mbele kabisa, kitaona alimtazama kiasi gani.

Mwalimu Godfrey alifundisha Kiswahili Gairo, kisha mjini Morogoro, na miaka ishirini na miwili iliyopita akahamishiwa sekondari ya karibu na nyumbani. Jumamosi ya kwanza tangu arudi alipanda mlima mpaka kwa Kristina, daftari kwapani, akasema anatafuta vitendawili na misemo ya wazee kwa ajili ya somo la fasihi.

"Wazee wako huko juu," Kristina alimwambia. "Hapa kuna mwanamke mwenye njaa na ndoo ya mbaazi."

Mwalimu akakaa, akaanza kumenya mbaazi. Alimenya vibaya, nusu zikaanguka chini, akatukanwa mpaka akatoa miwani kufuta machozi ya kicheko. Jumamosi iliyofuata akarudi. Andrea, mume wa Kristina, alikuwa bado hai, mtu mpole aliyependa mbuzi wake kuliko mazungumzo. Aliketi nao kidogo, akacheka, kisha akaenda kuangalia mbuzi. Nani atamwonea wivu mtani? Watani huitana mume na mke hadharani, wakadaiana talaka hata mlangoni kwa kanisa, na hakuna anayegeuza shingo. Mtu wa Uluguru akitaka kuficha jambo, asihangaike kulifungia chumbani. Aliweke kwenye utani, mchana kweupe, kila mtu alicheke, na hakuna atakayeliona.

Siku moja Mwalimu alikuja na shairi la mapenzi alilotakiwa kuwafundisha kidato cha tatu. Akasimama pale uani, akalisoma kwa sauti ya darasani. Macho ya mpenzi yalikuwa nyota, meno yake lulu, sauti yake kinanda cha mfalme.

"Unaona nini?" akauliza.

"Sioni kitu."

"Hizo ni taswira, Kristina. Mshairi anakuchorea picha."

"Picha ya nani? Huyo mwanamke nikikutana naye sokoni nitamjuaje? Nitamfungua mdomo kila muuza ndizi nitafute lulu?" Kristina alitupa maganda ya mbaazi kwa hasira ya kweli, maana mambo hayo yalimuudhi kuliko alivyotaka kuonyesha. "Huyo mshairi hajapenda. Angekuwa amependa angesema mwanamke ana kovu la jiko kwenye kiganja, na akicheka anafunika pua badala ya mdomo. Ningemjua kutoka upande wa pili wa bonde."

Mwalimu Godfrey alitoa kalamu. Aliandika maneno yale kwenye daftari, neno kwa neno, na wiki iliyofuata akawaambia wanafunzi waandike kuhusu mtu wanayempenda ili msomaji akikutana naye sokoni amjue. Jumamosi alirudi na rundo la karatasi, mbio mbio kama mtu aliyebeba samaki wabichi. Wengi bado walikuwa wameandika nyota. Lakini msichana mmoja alikuwa ameandika juu ya bibi yake, ambaye alizoea sana chai ya moto hata akinywa maji ya mtungini huyapuliza kwanza.

"Bibi Hidaya!" Kristina alipiga kelele. "Huyo ni Bibi Hidaya wa huko juu!"

"Sikukuambia jina," alisema Mwalimu, na furaha ilimjaa usoni mpaka Kristina ikabidi aangalie pembeni.

Basi ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwalimu alileta mashairi, riwaya, tamthilia, na Kristina, aliyeishia darasa la saba, aliyapima yote kwa kipimo cha soko. Mpenzi gani anajulikana, mpenzi gani hajulikani. Kuna mwandishi mmoja alimsifu kwa sababu alisema mume wa mtu hukunja shuka kila akiwa na hasira. Kuna mwingine alimtukana mpaka kwao.

Kisha Jumamosi moja ya mvua, Andrea akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, Mwalimu alisema, "Nimelifikiria lile shairi la nyota. Labda tulimwonea mshairi."

"Kivipi?"

"Labda hakutaka mwanamke ajulikane sokoni. Labda ni mke wa mtu, au yeye mwenyewe ni mume wa mtu. Ukisema macho ni nyota, hakuna jirani atakayejua ni macho ya nani. Hizo nyota ni kanga ya kumfunikia."

Mvua ilipiga bati. Kristina aliinuka, akasogeza ndoo isinyeshewe. Mwishowe alisema, "Na wewe nani atakufunika, na upara huo?" Mwalimu akacheka, akafunga daftari, akashuka mlima na mwavuli wake. Hawakulizungumza tena. Kristina alimheshimu Irene, mke wa Mwalimu, ambaye alimjua tangu usichana na hakuwahi kumfanyia ubaya wowote. Mwalimu naye alikuwa mtu wa kwenda kwake jua halijazama.

Mwaka huu miguu yake ikaanza kuvimba, kisha moyo. Mwezi uliopita Kristina alikwenda kumjulia hali. Irene alipotoka kuchemsha chai, mgonjwa aligeuza kichwa kwenye mto.

"Mtani, siku yangu ikifika utakuja?"

"Nitakosaje? Kuna jogoo."

"Usinifanye nusu nusu," alisema. "Nimekuona ukiwafanya wengine. Unajua kuacha kitu ukitaka. Mimi usiniachie kitu."

"Nitakufanya ulivyo, mbaya hivyo hivyo. Lala."

Alimwahidi kwa sababu alikuwa mgonjwa, na kwa sababu siku hiyo ilionekana iko mbali. Watu wote hukopa ujasiri wa kesho kwa namna hiyo.

Ezekiel, mtoto wa kwanza wa marehemu, alifika jioni na gari mbili, turubai, viti vya plastiki, spika, na karatasi za rangi zenye picha ya baba yake na wasifu wake. Alikuwa kijana mwema, ajuaye kuamkia wakubwa, ila amekulia mijini, kisha akahamia Dar, na msiba wa kwao anaujua kwa kuusikia. Akashika kipaza sauti. Akashukuru watu wote. Akasema baba yake alikuwa mwalimu, mtu wa heshima, kwa hiyo familia imeamua hapatakuwa na michezo. Watani wanakaribishwa kama wageni wengine, wakae vitini, wanywe chai.

Minong'ono ilizunguka turubai zima. Lakini kule nyuma Kristina alihisi ametuliwa mzigo kichwani. Kumbe Mungu si Athumani! Amekatazwa na mwenye msiba, na aliyekatazwa hana kosa. Godfrey mwenyewe angeelewa.

"Kijana amelelewa vizuri," alimwambia Glory.

Glory alimtazama mama yake kama amemwona anakula nyama siku ya Ijumaa Kuu.

Furaha yake haikudumu sana. Siku ya mazishi, saa nne asubuhi, Ezekiel alimwuliza Maneno, mpwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo wao, kama kaburi liko tayari.

"Kaburi gani?" alisema Maneno. "Wachimbaji si umewakalisha vitini?"

Na kweli walikuwa vitini. Watani wote, wanaume kumi na wawili, walikaa safu moja kwenye viti vya plastiki, miguu wamekunja nne, vikombe mkononi, wapole kama wachumba ukweni. Mmoja aliomba aongezewe sukari. Mwingine alimpongeza Ezekiel kwa turubai zuri. Ezekiel akazunguka kijijini kutafuta vijana wengine wa kuchimba, na kila aliyemwuliza alimpa pole nyingi na kumwambia kaburi lile si lake. Jua lilipanda. Katekista alitazama saa yake mara tatu.

Ndipo Maneno akamvuta kijana pembeni, karibu na mahali ambapo Kristina alikuwa anamenya ndizi pamoja na wanawake, kwa hiyo walisikia wote.

"Mwanangu, hujakosea kwa ubaya. Umekosea kwa kutojua. Wewe ni wa ukoo wa mama yako. Baba yako alikuwa wa ukoo wetu, na watani hawa ni wetu, si wako. Umesimama mlangoni kwa watu, unazuia wageni wao."

Ezekiel aliinamisha kichwa. "Nifanyeje, mzee?"

"Omba radhi. Jiandae kwa jogoo."

Aliomba radhi kwa kipaza sauti, na kwa kweli aliomba vizuri. Watani wakampigia makofi, wakamtoza jogoo wawili na kilo ya mchele kwa kuwachosha kukaa, kisha wakavua mashati na kuchukua majembe. Saa saba kaburi lilikuwa tayari. Na Kristina, mwenye kisu na ndizi mkononi, alijua hana tena pa kujificha.

Hata hivyo alijaribu. Saa nane wasifu uliposomwa alikuwa bado nyuma ya turubai, amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Ezekiel alisoma vizuri. Marehemu alizaliwa mwaka 1954. Marehemu alipata elimu yake ya msingi na ya sekondari, akajiunga na chuo cha ualimu. Marehemu alihamia shule kadhaa ndani ya mkoa wa Morogoro, akastaafu kwa heshima. Marehemu ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Watu waliitikia amina. Kristina alisikiliza kila sentensi na kukasirika zaidi kwa kila sentensi, maana mtu huyo wa kwenye karatasi usingemjua sokoni.

"Kristina yuko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Irene. Haikuwa kubwa, lakini sauti ya mjane siku hiyo haihitaji spika. Wanawake wakamgeukia Kristina, wengine wakamsukuma kwa viwiko. Alikwenda, akapiga magoti kwenye mkeka barazani.

"Pole sana, dada."

"Mbona umejificha?"

"Miguu inaniuma."

Irene alimwangalia kwa macho yaliyovimba. Miguuni mwake palikuwa na koti la kijivu la Mwalimu, limekunjwa, na miwani yake juu. "Nimesikia karatasi yote," alisema. "Mwanangu amehangaika, Mungu ambariki. Ila baba yake sijamwona humo. Godfrey aliniambia ulimwahidi."

"Alikuambia?"

"Alikuwa ananiambia kila kitu."

Si kila kitu, alifikiri Kristina, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe hakikuwa hata chake.

"Nataka kumwona mara moja," alisema Irene, "kabla hajaingia udongoni. Wewe ndiye unayeweza."

Kristina alichukua koti. Alilivaa mgongo ukiwa kwa watu ili wasimwone uso, kwa sababu koti lilinuka chaki na mafuta ya kuchua, na hakuwa amejiandaa kwa harufu. Akavaa miwani. Akaenda mpaka mwanzo wa uwanja, akageuka.

Mwalimu Godfrey akaingia. Mikono nyuma, tumbo mbele, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza redio ya jirani. Akasimama mbele ya vijana waliokuwa wanafunzi wake, akawahesabu kwa ncha ya kalamu, akakosea hesabu, akaanza upya. Kicheko kikalipuka. Akapokea simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate, akapayuka, "Nani? NANI? Aa, ni wewe, sema taratibu!" Akanywa chai kwa kuimimina kwenye kisosi. Akaimba na wanakwaya, akatangulia ubeti mmoja, akawatazama wengine kwa ukali kama wao ndio waliochelewa. Katekista alikuwa anacheka huku ameshika nguzo ya turubai. Ezekiel alicheka, kisha akaficha uso kwenye karatasi zake, na mabega yake yakatikisika kwa jambo jingine.

Kristina alichagua kwa uangalifu. Kila kundi alilipa Godfrey wake: Godfrey wa shule, Godfrey wa kanisa, Godfrey wa njiani. Wote walikuwa wa kweli na wote walikuwa mali ya watu. Alipomaliza, makofi yalipigwa. Irene alikuwa anajifuta macho na tabasamu limebaki mdomoni.

"Asante, Kristina," alisema. "Umenipa."

Hapo Kristina angeweza kuvua koti. Alikuwa ameshavuka. Hakuna mtu hata mmoja chini ya turubai lile ambaye angesema kuna kitu kimepungua.

Lakini yeye alijua. Alikuwa amemfanya nusu nusu, na mtu mwenyewe alikuwa amelala pale ndani, kwenye sanduku, hawezi tena kudai. Angekuwa hai angedai. Deni la mtu asiyeweza kudai ndilo zito kuliko yote, na Kristina, pamoja na makosa yake mengi, hajawahi kumdhulumu Godfrey kitu. Akavuta pumzi. Akarudi tena mwanzo wa uwanja, watu wakanyamaza kwa hamu, wakidhani kuna kichekesho kingine.

Chini ya nyumba ya Kristina njia inapinda. Mtu anayepanda haoni nyumba akiwa kwenye kona hiyo, kwa hiyo hudhani naye haonekani. Ila kutoka kwenye dirisha la jiko kuna upenyo kati ya migomba. Kila Jumamosi kwa miaka ishirini na miwili Kristina alisimama kwenye upenyo ule.

Sasa, pale uwanjani, alikuja polepole, mikono haiko nyuma tena. Akasimama, akatazama huku na huku. Akasugua ncha ya kiatu cha kulia nyuma ya mguu wa kushoto, kisha cha kushoto nyuma ya mguu wa kulia. Akafunga kifungo cha juu cha koti. Akalamba kidole cha kati, akalaza unyusi mmoja, kisha wa pili, kwa makini sana, kama mwanamume asiye na nywele nyingine za kuchana. Akakohoa kidogo, kikohozi cha kujipa moyo. Kisha akaweka uso wa utani na kuendelea na safari.

Watoto walicheka. Watu wazima walianza kucheka na wakaacha, wakatazamana, maana kitu hicho hakuna aliyekuwa anakijua. Irene aliweka kikombe chini.

"Hiyo ya nyusi," alisema. "Umeitoa wapi?"

Ulimi wa Kristina ulikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. "Kwenye kona ya chini ya nyumba yangu, dada," alisema. "Kila Jumamosi, kabla hajafika."

Katekista alifungua kitabu chake cha sala na hakusoma.

"Alikuwa anaifanya mlangoni kwa mama yangu," alisema Irene taratibu. "Alipokuwa anakuja kunichumbia. Mimi nilikuwa namchungulia kwenye ufa wa mlango. Tulipooana akaiacha. Miaka arobaini na minne sijaiona. Nilidhani imekwenda na ujana."

Kristina alivua miwani. Alikuwa analia na hakujaribu kuficha. "Nisamehe. Halikusemwa neno kati yetu, naapa. Wala mkono haukugusa mkono."

"Najua," alisema Irene. "Angekugusa, angeiacha na kwako."

Maneno yale yalimwingia Kristina mpaka kwenye mfupa, na hakujua kama amepigwa au amesamehewa. Irene alikuwa ameangalia uwanja, pale viatu vilipofutwa.

"Nifanyie tena," alisema. "Polepole. Ila safari hii uje kwangu."

Kristina alivaa miwani. Alikwenda mpaka mwanzo wa uwanja, akageuka. Kule barazani Irene alijifuta uso kwa pindo la kanga, akaiweka kanga sawa kichwani, akakaa wima kwenye mkeka na kukunja mikono mapajani. Kristina akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto. Akafunga kifungo. Akalaza unyusi mmoja, akalaza wa pili, akakohoa, akavuka uwanja wote mpaka akasimama mbele yake.

"Karibu, mwalimu," alisema Irene. "Umechelewa sana."

Kristina akaketi kando yake kwenye mkeka, bado amevaa koti, na hapo ndipo wote wawili walipolia.